Elfu Ishirini za Kumsomeshea Mtoto Nyumbani: Konde Zinunue Nini?

Seti ya herufi za plastiki, zile za rangi rangi zinazouzwa kwenye maduka ya vitu vya watoto, huwa na herufi 26. Kwa makadirio ni kama shilingi 10,000 hadi 15,000. Mzazi akishaifikisha Konde, kaskazini mwa Pemba, kitu cha kwanza ambacho mtoto atataka kukiandika ni "mama". Hawezi. Herufi A iko moja, na M iko moja. "Baba" nayo haiandikiki, wala "samaki", wala "papa". Mtoto anayeitwa Ali ataandika jina lake, lakini Fatma hataweza. Na Q na X, ambazo Kiswahili hakina kazi nazo, zimo ndani ya boksi na zimelipiwa.

Lugha yetu imejengwa kwa silabi, na karibu kila silabi inaishia na irabu. Mtoto wa miaka minne au mitano anahitaji A nyingi, I nyingi, U nyingi. Anayenunua seti ya moja moja amenunua nusu ya kazi.

Sasa linganisha na vifuniko vya soda. Ukiomba mgahawani utapewa bure, na mwenyewe atafurahi kuviondoa. Maka peni ya wino usiofutika ni kama shilingi 1,000. Andika irabu tano, kila moja mara nne: hapo una vifuniko 20. Konsonanti moja moja tunazozitumia ni 18, ukiongeza C kwa ajili ya "ch" zinakuwa 19; kila moja iandike mara mbili, zinakuwa 38. Jumla vifuniko 58. Andika kwa herufi ndogo, kwa sababu seti za dukani aghalabu ni herufi kubwa tupu, na kitabu atakachokikuta skuli kimejaa herufi ndogo. Kisha kaeni chini kwenye jamvi na mtoto apange "paka". Aondoe p, aweke t: "taka". Aondoe t, aweke k: "kaka". Abadilishe k ya pili iwe t: "kata". Mtoto aliyefanya hivyo kwa mkono wake ameelewa kwamba herufi ni sauti inayoweza kuhamishwa, na hilo ni miongoni mwa mambo magumu katika kujifunza kusoma. Kwa shilingi 1,000.

Kuna bidhaa nyingine ninayoiogopa zaidi: kishikwambi cha kuchezea, kile cha betri kinachoimba. Bei yake huanzia kama 15,000 na kupanda. Ukibonyeza A kinasema "ei". Ukibonyeza E kinasema "i". Ukibonyeza I kinasema "ai". Mtoto mwenye kichwa chepesi atayashika yote hayo kwa wiki chache na nyumba nzima itampigia makofi. Akifika darasa la maandalizi ataliona neno "embe" na atasoma "imbe". Hapo mwalimu anaanza kubomoa kilichojengwa kwa pesa ya mzazi, na mtoto aliyekuwa akipigiwa makofi anaanza kuambiwa amekosea. Bora pesa hiyo ibaki mfukoni.

Najua hoja ya wanaokinunua. Sera ya elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliamua hesabu na sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la 5, na mzazi anataka mwanawe afike huko akiwa tayari. Wasiwasi huo ni wa haki. Lakini kazi ya kuunganisha alama na sauti mtoto huifanya vizuri zaidi kwa lugha anayoijua, na akishaifanya huichukua kwenda nayo kwenye lugha nyingine. Anayesoma Kiswahili kwa mtiririko akiwa na miaka saba amejiandalia Kiingereza vizuri kuliko aliyekariri nyimbo za herufi asizozielewa. Tena watoto wetu wana mzigo mwingine mzuri: kwenye chuo cha Kurani wanajifunza alifu, be, te, na maandishi yanayotoka kulia kwenda kushoto. Kichwa cha miaka mitano kinabeba mifumo miwili ya kuandika tayari. Wa tatu, wa Kiingereza, unaweza kusubiri kidogo.

Upande wa hesabu ndiko mtu wa Konde anakotakiwa afungue macho kabla ya kufungua pochi. Fremu ya shanga za kuhesabia inauzwa kama 8,000 au 10,000, nayo si mbaya. Lakini ufukweni, na Vumawimbi si mbali, kuna komwe. Zikusanye mia moja, uzioshe, uziweke kwenye kopo. Ukitaka kufanana na fremu, mpe mtoto azipange chini kwa safu, kumi kila safu. (Kwa nyumba yenye mtoto chini ya miaka mitatu, kopo likae juu, maana komwe inaingia mdomoni upesi na inakwama kooni.)

Na komwe hizo hizo ndizo kete za bao. Bao la Kiswahili lina mashimo 32, safu nne za mashimo nane nane, na kete 64. Sitarajii mtoto wa miaka mitano acheze hatua ya namua, lakini anaweza kukaa ubavuni mwa babu yake na kupewa kazi ya kupanga: mbili mbili kila shimo, zitimie 64. Akikosea zitabaki au zitapungua, na bao lenyewe litamwambia.

Mdako ni bora zaidi kwa umri huo. Chimba shimo dogo, tia vijiwe 12. Mtoto anarusha kijiwe kingine kimoja juu, na kabla hakijashuka anachota vijiwe kutoka shimoni. Mzunguko wa kwanza anatoa kimoja kimoja, wa pili viwili viwili, wa tatu vitatu vitatu. Mtazame anapofika mzunguko wa tano: anatoa vitano, anatoa vitano tena, halafu anabaki anaangalia viwili vilivyomo shimoni. Usimwambie kitu. Muulize tu, "Mbona wawili hawa hawana wenzao?" Hapo ndipo kugawanya na baki kunapozaliwa, miaka kadhaa kabla hajafundishwa darasani kwa jina hilo. Gharama ni sifuri, na mkono wake unapata wepesi utakaomsaidia kushika penseli.

Vipimo navyo vipo ndani ya nyumba. Kopo la kibaba: vibaba viwili ni kisaga, visaga viwili ni pishi. Mpe mtoto mchanga na kopo, si mchele, aujaze mwenyewe hadi ajue pishi inakula vibaba vinne. Msimu wa karafuu, jioni watu wamekaa kuchambua, mtoto anayetaka kukaa na wakubwa apewe fungu dogo: karafuu huku, makonyo kule, kisha mlima upi mkubwa? Kutenga vitu kwa aina na kulinganisha wingi ni somo kamili la maandalizi. Sokoni, samaki wamepangwa mafungu. Muulize mtoto: "Fungu lile wana wangapi? Na hili? Bei moja, tuchukue lipi?" Anayejibu swali hilo sawasawa anafanya hesabu yenye maana kuliko kurasa kumi za kujaza namba.

Haya si mawazo ya mtu mmoja. Mpango wa madrasa za awali wa Aga Khan, ulioanzia Mombasa miaka ya 1980 na kufika Zanzibar mwaka 1990, umejenga madarasa ya watoto kwa vitu vya namna hii: vifuu, makombe, vifuniko, mbegu, maboksi. Walimu wamefundishwa kuvitengeneza na wazazi wamehimizwa kuvileta. Kilichowezekana darasani kinawezekana barazani.

Mahali ambapo pesa inastahili kutoka ni kwenye vitabu. Hapa mbadala wa bure hautoshi. Mtoto anaweza kupanga vifuniko mpaka achoke, lakini asipoona maandishi marefu yenye kisa ndani yake hatajua kwa nini anahangaika. Tanzania bara kuna wachapishaji wa vitabu vya watoto vya Kiswahili kama Mkuki na Nyota, na Mradi wa Vitabu vya Watoto umekuwapo tangu 1991. Kitabu chembamba cha picha ni kama 3,000 hadi 8,000. Nunua viwili vizuri badala ya sita vya karatasi mbovu vyenye makosa ya herufi, na kabla ya kulipa fungua ukurasa wa katikati usome kwa sauti: sentensi ikikukwama wewe, itamkwama na mtoto.

Njia ya pili ni kuchapa. African Storybook ina hadithi nyingi za Kiswahili ambazo ruhusa yake inakuwezesha kuzipakua, kuzichapa na kuzigawa bila kulipa. Hadithi ya kurasa 12, kwa steshenari inayotoza shilingi 200 kwa ukurasa, ni 2,400. Picha zitakuwa nyeusi na nyeupe, basi mtoto azipake rangi mwenyewe. Njia ya tatu ni maktaba ya Chake Chake, ambako kusoma ni rahisi kwa bei lakini nauli ya kwenda na kurudi kutoka Konde, kwa mzazi na mtoto, inakaribia bei ya kitabu. Ukiwa na safari yako ya mjini, mchukue. Usiifunge safari kwa ajili hiyo peke yake.

Na mzazi au bibi asiyejua kusoma asijione hana nafasi. Kitabu cha picha kinasimuliwa. "Paukwa!" "Pakawa!" Mtoto aliyezoea kusikiliza kisa kutoka mwanzo hadi mwisho, kukisia kitakachofuata na kutegua vitendawili, anafika skuli na hazina ya maneno ambayo haiuzwi popote. Simulia kwa Kipemba chako, bila kujisahihisha. Kiswahili cha kitabuni kitakuja juu yake, na mtoto atajua vyote viwili.

Simu na televisheni zina nafasi yake, ndogo kuliko tunavyoipa. Ubongo, shirika la Dar es Salaam lililoanza kurusha Ubongo Kids mwaka 2014, lina pia Akili and Me kwa watoto wadogo wasiofika umri wa darasa la kwanza, kwa Kiswahili safi. Utafiti uliofanyika Morogoro na kuchapishwa mwaka 2018 uliwaonesha watoto kipindi hicho kwa wiki chache, na waliokitazama waliwapita wenzao katika kuhesabu na kutambua namba na maumbo. Kwa hiyo kipo kitu pale. Tatizo la Konde ni bando. Ukikifungulia mtandaoni kila siku, unalipia kipindi kile kile tena na tena, na mtoto mdogo anapenda kurudia. Pakua vichache mara moja, vihifadhi kwenye kadi, na keti naye. Kipindi kinapouliza swali, subiri ajibu yeye.

Kishikwambi cha kweli kinaanzia laki mbili hivi, na hapo pia nakubali kwamba teknolojia imethibitishwa karibu nasi. Ng'ambo ya mlango wa bahari, mkoani Tanga, mashindano ya XPRIZE yalipeleka vishikwambi kwenye vijiji 170 kuanzia mwishoni mwa 2017, kwa watoto ambao wengi wao hawakuwa wamewahi kusoma skuli. Mwaka 2019 programu za Kitkit School na onebillion zilishinda pamoja, baada ya watoto kupiga hatua katika kusoma, kuandika na hesabu. Programu zilizofika fainali ziliachwa wazi kwa matumizi ya bure. Lakini kule Tanga kila kijiji kiliwekewa sola ya kuchajia, na alikuwapo mtu mzima wa kuvisimamia. Nyumba yenye laki mbili na watoto watatu, isiyo na kitabu hata kimoja, isianzie huko. Jirani wanne wakichanga, wakaweka programu hizo tu na kukikabidhi kwa mama mmoja mwenye msimamo, hapo nitawaunga mkono.

Tuisheni ya mtoto wa miaka minne sioni thamani yake. Asubuhi yuko maandalizi, mchana chuoni. Anachokikosa ni mtu wa nyumbani wa kukaa naye dakika ishirini jikoni wakati chakula kinapikwa, na hizo hazitozwi ada.

Basi elfu ishirini ile, kwa bei za kukadiria, naigawa hivi. Vitabu viwili vya hadithi vya 4,000, jumla 8,000. Hadithi moja ya kuchapa, 2,400. Boksi la chaki 3,000, kwa ajili ya sakafu ya saruji au kipande cha plaiwudi kilichopakwa rangi nyeusi; chaki inafutika, kwa hiyo mtoto haogopi kukosea. Maka peni mbili, 2,000. Daftari nne za 600, ni 2,400. Penseli, kichongeo na kifutio, 1,600. Jumla 19,400. Aliye na 5,000 tu anunue maka peni moja na kitabu kimoja, avikusanye vifuniko, na vilivyobaki aviache mpaka mwezi mwingine.