Taya na Tonge: Vihisimwendo vya Utafunaji na Mlo wa Wakazi wa Mofwe

Kihisimwendo cha taya ni kifaa kidogo kinachovaliwa nyuma ya sikio, chini ya kidevu au kwenye mkono wa miwani ili kunasa mwendo wa taya mtu anapokula. Ndani yake mna akselerometa, ambayo hupima mabadiliko ya kasi katika mihimili mitatu, na mara nyingi jairoskopu, ambayo hupima mzunguko. Binadamu hutafuna kwa mapigo yanayokaribiana, takriban moja hadi mawili kwa sekunde. Programu huyatafuta mapigo hayo katika data na kuyatenga na mazungumzo, ambayo hayana mpangilio huo. Kutembea huleta ugumu zaidi, kwa kuwa hatua za mtembeaji huwa na kasi inayokaribia ile ya kutafuna.

Mvuto wa kifaa hiki kwa watunga sera unaeleweka. Njia iliyozoeleka ya kupima ulaji ni kumuuliza mtu alichokula katika saa 24 zilizopita, na jibu lake hutegemea kumbukumbu pamoja na maana anayoipa kauli “kula”. Audrey Richards, katika kitabu chake cha mwaka 1939 kuhusu Wabemba, alionyesha kwamba mtu aliyekula mahindi ya kuchoma mchana kutwa angeweza kusema hajala, kwa sababu hakupata ubwali. Kihisi hakina dhana hiyo. Hata hivyo, kina dhana nyingine iliyofichika zaidi: kwamba kula ni kutafuna.

Dhana hiyo hukwama kandokando ya wangwa wa Mofwe na katika mwambao wa Ziwa Mweru, wilayani Nchelenge. Chakula kikuu huko ni ubwali wa unga wa muhogo. Mlaji humega tonge, hulifinyanga kwa vidole, hulichovya katika kitoweo, kisha hulimeza baada ya kulitafuna kidogo tu, pengine bila kulitafuna kabisa. Kitoweo chenyewe mara nyingi ni chisense, samaki wadogo wanaokaushwa juani na kuliwa wazima, au majani ya muhogo yaliyopondwa na kupikwa hadi yakalainika. Kinyume chake, muwa hutafunwa kwa muda mrefu, makapi yakatemwa. Kifaa kinachohesabu mapigo ya taya peke yake kitauona muwa kuwa karamu, na sahani ya ubwali kuwa vitafunio. Kosa hili si dogo: muhogo una protini haba, na samaki ndio wanaoziba pengo hilo. Mshauri wa sera atakayepokea takwimu kama hizo huenda asimwone kabisa samaki anayemhusu.

Hapa ndipo taaluma ya lugha inapohitajika, kwani programu hufunzwa kwa data ambazo binadamu amezipachika lebo. Mtazamaji akipewa lebo mbili tu, “anatafuna” na “hatafuni”, tonge litaangukia upande wa ukimya. Kibemba hutenganisha ukusheta, yaani kutafuna, na ukumina, yaani kumeza. Kiswahili kina hazina pana: kumega, kufinyanga, kuchovya, kubugia, kuguguna, kumung’unya. Kitenzi kutowea, ambacho vijana wengi wa mijini hawakitumii tena, hutaja moja kwa moja tendo la kula chakula kikuu pamoja na kitoweo. Kumung’unya nako humhusu mzee asiye na meno, ambaye taya lake husogea bila kusaga.

Vitenzi vitatu vya mwanzo katika orodha hiyo ni vya mkono. Kwa hiyo kihisi cha kifundo cha mkono, kikihesabu matonge na kuoanishwa na kile cha taya, kingefaa zaidi kwa mlo huu. Bado kingehitaji uzito wa wastani wa tonge, ambao hutofautiana kati ya mtoto na mvuvi wanaokula sahani moja. Kamera ingesaidia kumtambua samaki, lakini ingewapiga picha pia walaji wenzake, na idhini ya mvaaji pekee haiwatoshi hao.

Suala hili halikomei Zambia. Ng’ambo ya ziwa, Katanga, wasemaji wa Kiswahili huita chakula hicho bukari, na lebo zitakazoandaliwa Nchelenge zinapaswa kujaribiwa huko pia kabla data za pande mbili hazijalinganishwa.