Hitilafu za Kiolesura cha Sauti na Usahihi wa Data ya Lugha: Mfano wa Uwandani Mtera

1.0 Utangulizi



Katika mhadhara huu tunakusudia kueleza jambo ambalo wanaisimu wengi wamezoea kumwachia fundi, nalo ni namna ya kutafuta chanzo cha hitilafu katika kiolesura cha sauti. Kiolesura ni kisanduku kinachopokea umeme dhaifu kutoka katika maikrofoni, kikaugeuza kuwa tarakimu na kuzipeleka kwenye kompyuta. Hoja yetu ni kwamba hitilafu ya kisanduku hicho isipotambuliwa huingia katika uchambuzi, ikageuka kuwa sifa ya lugha ambayo wasemaji hawana.

Tuchukue mfano wa Mtera, penye bwawa la Mto Ruaha Mkuu, mpakani mwa mikoa ya Dodoma na Iringa. Kaskazini ni nchi ya Wagogo na kusini ni nchi ya Wahehe. Uvuvi nao umewavuta wasemaji wa lugha nyingine, na wote hukutana katika Kiswahili. Mtafiti wa mgusano wa lugha ana mengi ya kuchuma hapo. Lakini mzee anayesimulia leo huenda asipatikane mwakani. Kwa hiyo kosa sharti ligunduliwe angali ameketi mbele yetu.

2.0 Sauti isiyosikika na sauti isiyo yake

Kanuni ya kwanza ni kufuata njia ya sauti kwa utaratibu, kuanzia kinywani hadi kwenye faili, na kubadili kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Ikiwa taa ya kiolesura haichezi msemaji anaposema, kosa liko kwenye maikrofoni, waya au kiolesura chenyewe. Maikrofoni za kondensa, kwa mfano, huhitaji umeme wa volti 48 kutoka katika kiolesura, na swichi yake husahauliwa mara nyingi. Ikiwa taa inacheza lakini programu haipokei kitu, basi tutazame waya wa USB, programu endeshi na mipangilio ya kompyuta.

Hatari zaidi ni pale sauti inaposikika, kumbe inatoka katika maikrofoni ndogo ya kompyuta yenyewe. Jaribio lake ni rahisi: kwaruza taratibu kichwa cha maikrofoni kwa ukucha. Usiposikia mkwaruzo mkubwa masikioni, hurekodi kwa kifaa unachokidhania.

3.0 Mngurumo wa umeme

Umeme wa gridi ya Tanzania, pamoja na ule wa kituo cha Mtera chenye uwezo wa megawati 80, una masafa ya hezi 50. Mngurumo wake ukiingia katika rekodi huonekana kwenye hezi 50, 100, 150 na kuendelea. Sauti ya mwanamume mzima nayo aghalabu huwa na masafa ya msingi yaliyo karibu na hezi 120. Hivyo programu kama Praat, iliyoundwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, inaweza kuchora mstari wa kidatu mahali ambapo nyuzi za sauti hazikutetema. Konsonanti sighuna ikahesabiwa kuwa ghuna.

Ili kupata chanzo, chomoa chaja na uiache kompyuta itumie betri. Mngurumo ukikoma, rekodi kwa betri. Usipokoma, utenge waya wa maikrofoni na nyaya za umeme, kisha ujaribu waya mwingine.

4.0 Mikatiko na kasi ya sampuli

Kompyuta hupokea sampuli kwa mafungu kupitia hifadhi ya muda iitwayo bafa. Ikizidiwa na kazi, mafungu hupotea. Bafa ya sampuli 128, kwa kasi ya sampuli 48,000 kwa sekunde, humpa mtafiti nafasi isiyofika milisekunde 3. Ya sampuli 1,024 humpa takriban milisekunde 21. Anayerekodi masimulizi na achague bafa kubwa, afunge programu nyingine na azime intaneti. Katika Kihehe, ambacho hutofautisha irabu fupi na ndefu, mkatiko mdogo unaweza kufupisha irabu ambayo msemaji aliitamka ndefu.

Aidha, faili iliyonaswa kwa sampuli 48,000 ikisomwa kana kwamba ni 44,100, masafa na kasi hushuka kwa takriban asilimia 8: kidatu cha hezi 120 huwa 110, na sekunde 10 huwa karibu 11. Irabu nazo hupoteza vipimo vyake halisi. Kasi iliyowekwa kwenye kiolesura na kwenye programu sharti ilingane.

5.0 Hitimisho

Mwaka 1950 Hugh Tracey alirekodi muziki wa Wagogo, na rekodi zake zingali zikisikilizwa. Msikilizaji wa baadaye hana namna ya kumuuliza mwimbaji kama mlio fulani ulikuwa wake au wa mashine. Tunapendekeza, basi, kila mtafiti arekodi dakika moja ya majaribio, aisikilize yote kabla ya mahojiano, aandike vifaa na mipangilio aliyotumia, na ahifadhi faili asilia bila kuisafisha. Tusipofanya hivyo, tutawasingizia wazee wetu matamshi ambayo hawakuyatamka.