Mtoto Anaponawa Bila Kutosheka: Je, ni Tabia au Maradhi?

Katika nyumba ambazo maji hununuliwa kwa mtungi, mzazi hugundua haraka kwamba kuna jambo. Mtoto mmoja ananawa mikono hadi ngozi inapasuka, na baada ya dakika chache anarudi kunawa tena. Akikatazwa, analia na kutetemeka. Wengine humwita mharibifu, wengine mkaidi, na wengine husema ana shetani. Huenda mtoto huyo anaugua maradhi ya wasiwasi wa kurudiarudia, ambayo hospitalini hujulikana kwa kifupi kama OCD. Maradhi haya yanatibika.

Ni maradhi gani haya?

Yana sehemu mbili. Ya kwanza ni fikra zinazomjia mtoto kwa nguvu bila yeye kuzitaka: kwamba mikono ina uchafu, mlango haukufungwa, au mama atapata ajali. Ya pili ni vitendo anavyojihisi lazima avifanye ili kutuliza hofu hiyo: kunawa, kuhesabu, kukagua kufuli, kupanga vitu, kufuta na kuandika upya, au kuuliza swali lilelile mara nyingi.

Akishatenda, hofu hupungua kwa muda mfupi. Kisha hurudi, na kila mara hudai zaidi. Ndiyo maana kumwambia mtoto "acha tu" hakusaidii. Mara nyingi yeye mwenyewe anajua kuwa anapita kiasi, ila hawezi kujizuia.

Duniani, inakadiriwa kuwa mtoto mmoja au wawili katika kila 100 wana maradhi haya. Mara nyingi huanza kabla ya kubalehe au katika ujana, na yanaweza kurithiwa katika ukoo. Hayasababishwi na malezi mabaya wala laana.

Dalili za kuangalia

Mtoto wa miaka mitatu kutaka kikombe kilekile kila siku ni jambo la kawaida. Tatizo lipo pale vitendo vinapochukua zaidi ya saa moja kwa siku, vinapomtesa mtoto, au vinapovuruga masomo, usingizi na chakula. Angalia:
• ngozi ya mikono iliyokauka au kuchubuka;
• kukaa chooni au bafuni muda mrefu;
• kazi ya shule isiyokwisha, karatasi zilizotoboka kwa kufutwa;
• kuchelewa shuleni kwa sababu ya kurudia kuvaa au kukagua;
• kuuliza bila kukoma, "Una hakika?"

Wasiwasi huu huingia pia katika ibada. Kijana Mwislamu anaweza kurudia udhu mara kumi akihofia haukutimia, ilhali Sunna ni kuosha kiungo mara tatu. Kijana Mkristo anaweza kutubu kosa lilelile kutwa nzima. Sheikh au mchungaji husaidia sana akimweleza kwamba ibada yake imetosha, kisha akaishauri familia iende hospitali.

Wengine hujiwa na fikra za kutisha, kama kumdhuru mdogo wao au kumtukana Mungu, na huzificha kwa aibu. Mzazi, ukiambiwa hivyo usishtuke. Fikra hizo humtisha mtoto kwa sababu hazilingani na anavyotaka kuwa. Hazimaanishi kuwa ni mtoto mbaya.

Nyumbani na shuleni

Usimpige, usimcheke, wala usimuadhibu kwa kumnyima maji. Mwambie: "Huu ni ugonjwa, si wewe. Tutapambana nao pamoja." Jihadhari pia usiutumikie ugonjwa. Ukimfulia nguo mara tatu au kumjibu swali moja mara ishirini, unaulisha wasiwasi. Kubalianeni kupunguza kidogo kidogo: leo ujibu mara tano, wiki ijayo mara tatu. Msifu kwa kila hatua.

Mwalimu amuongezee muda wa kumaliza kazi, asimuaibishe mbele ya wenzake, na azungumze na mzazi mapema.

Matibabu

Tiba inayoanza ni ya mazungumzo na mazoezi. Mtoto hushika kitu anachokihofia, kwa mfano komeo la mlango, kisha husubiri bila kunawa hadi hofu ishuke yenyewe. Huanza na hofu ndogo na kupanda polepole. Hali ikiwa nzito, daktari anaweza kuongeza dawa kama sertraline au fluoxetine. Dawa hizi huweza kuchukua hadi wiki 12 kuonyesha nguvu zake, na hazifai kuachwa ghafla. Mtoto anapoanza dawa, mtazame kwa karibu na umwarifu daktari ukiona amebadilika.

Pa kuanzia

Zungumza na mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijijini kwako, au nenda kituo cha afya kilicho karibu na uombe rufaa ya huduma za afya ya akili, kwa mfano katika Hospitali ya Kaunti ya Kilifi. Kabla ya kwenda, andika kwa wiki moja ni vitendo gani anavirudia na vinachukua muda gani. Dalili zikianza ghafla ndani ya siku chache, usisubiri wiki hiyo.

Mtoto akitaja kutaka kufa au kujiumiza, usimwache peke yake. Mpeleke hospitali mara moja. Simu ya watoto ni 116, na ya ushauri nasaha ya Msalaba Mwekundu ni 1199. Zote ni bila malipo.