Mchoro wa Sensa Ulionisuta

Mchoro wa watu wa Zanzibar mliouona katika kitabu chetu cha mwaka jana ulikuwa na kosa, na aliyeuchora ni mimi. Si kosa la chapa. Nimeona nilipe deni hilo papa hapa nilipolikopa.

Kisa kilianza kwenye chakula cha Idi. Mpwa wangu mmoja, aliyezaliwa huku Uingereza na hajafika Unguja ila mara mbili, alikuwa na kitabu mkononi. Akaniuliza: "Mjomba, mbona baada ya 2002 mstari unalala? Ndipo watu walipohama?" Kabla sijajibu, wazee walikwisha kugawana pande mbili. Mmoja alisema ni vijana wanaokwenda Arabuni. Mwengine akasema uzazi umepungua kwa kuwa wasichana wanasoma. Sababu zote zilikuwa nzuri, ila jambo lenyewe lililokuwa likielezwa halikutokea.

Usiku ule nilifungua kompyuta. Hesabu za sensa ni hizi: 1978 watu 476,111, 1988 kiasi cha 641,000, 2002 karibu 985,000, 2012 watu 1,303,569, na 2022 watu 1,889,773. Nilikuwa nimeziandika katika jedwali, miaka safu ya kwanza na watu safu ya pili, kisha nikachagua grafu ya mstari. Ikatoka ya kijani, nami nikapendezwa nayo.

Sasa itazameni miaka. Kutoka 1978 hadi 1988 ni miaka 10. Kutoka 1988 hadi 2002 ni 14. Kompyuta haikujali hayo. Grafu ya namna ile niliyoichagua iliichukua miaka kama majina tu, kama vile ningeandika Malindi, Vuga na Mkunazini, na majina huyapanga kwa nafasi sawasawa. Miaka 14 ikabanwa katika nafasi ya miaka 10. Basi ongezeko la watu 344,000 likaonekana mlima, na lile la watu 319,000 lililofuata, baina ya 2002 na 2012, likaonekana limelegea. Gawanyeni kwa miaka: la kwanza ni kiasi cha watu 24,600 kila mwaka, la pili ni 31,900. Mstari ulitakiwa usimame zaidi, nao ulilala!

Ni kweli kwamba kwa asilimia mwendo ulishuka kidogo, kutoka 3.1 kwa mwaka hadi 2.8, kisha baada ya 2012 ukapanda hadi 3.7. Lakini hilo ni jambo jengine, na mchoro wangu haukuwa ukilionyesha.

Lililoniuma ni kuwa nimesomesha hesabu maisha yangu yote. Tulipokuwa sekondari tulichora kwa penseli juu ya karatasi ya miraba, mwaka mmoja mraba mmoja, na aliyeruka miraba aliitwa mbele. Na chuoni, kabla ya hapo, maalim wetu hakutuacha tugeuze ukurasa mpaka kidole kimepita juu ya kila herufi. Mbele ya kompyuta nilikisahau kidole.

Dawa yake ni nyepesi. Chagueni grafu ya nukta zilizounganishwa kwa mstari, ile inayosoma miaka kama tarakimu na kuuweka kila mwaka mahali pake.

Mpwa wangu alitaka tuongeze humo humo Tanzania nzima, watu 61,741,120 wa 2022. Tulijaribu. Zanzibar ikawa uzi uliolala sakafuni, tukaitoa Tanzania ikachorwe karatasi yake.

Mchoro mpya uko ukurasa unaofuata. Ameuchora yeye, mimi nilimsomea namba tu. Wazee wa siku ya Idi wamekwisha kuonyeshwa, na mmoja wao bado anasema ni vijana wa Arabuni.