Nani anaishuhudia tovuti ya parokia yenu?



Mkristo anapohama kutoka Kisangani kwenda Bunia au Goma, mchungaji wake humwandikia barua: huyu ni wetu, mpokeeni. Mchungaji wa kule hasomi maneno peke yake. Anatazama ni nani aliyetia sahihi. Barua moja ya mtu anayejulikana ina uzito kuliko barua kumi zenye mihuri ambayo hakuna anayeitambua.

Tovuti nayo inahitaji barua za namna hiyo. Parokia inaweza kuwa na tovuti nzuri, vijana wameifanyia kazi usiku na mchana, mega zimenunuliwa kwa sadaka, na bado mtu akitafuta jina la parokia kwenye Google haioni. Mara nyingi sababu ni moja: hakuna mahali pengine kwenye intaneti panapoielekeza. Leo tueleze jambo hili polepole, kwa ajili ya wale wanaoanza.

Kwanza tuone kwa nini si mchezo. Mwaka 2023 ugomvi wa ardhi kati ya Wambole na Walengola uliwatoa watu katika nyumba zao huko Lubunga na vijiji vya karibu, na wengi wakatafuta hifadhi upande wa pili wa mto. Katika siku kama hizo ndugu aliye mbali, Kampala au Bruxelles, anachukua simu na kutafuta: makanisa ya Kisangani yanasaidiaje, nimtumie nani msaada? Kama ukurasa wa kweli wa kanisa umefichika, atafungua wowote atakaouona kwanza. Huenda ni habari ya zamani. Huenda ni mtu aliyechukua picha za wenye shida ili ale fedha. Kwa hiyo kuonekana si majivuno. Ni kumlinda anayetoa na anayepokea.

Kiungo ni nini?

Kiungo ni yale maneno kwenye ukurasa ambayo ukiyagusa yanakupeleka kwenye ukurasa mwingine. Viungo vinavyotoka kwenye tovuti za wengine na kuja kwako, wenye kazi hiyo huviita baklinki. Vinafanya kazi mbili.

Kazi ya kwanza ni njia. Google ina programu zinazotembea kutoka ukurasa hadi ukurasa zikifuata viungo. Ukurasa usioelekezwa na yeyote ni kama kijiji ndani ya pori kisicho na barabara: hata toleka haifiki.

Kazi ya pili ni ushuhuda. Mwaka 1998 Larry Page na Sergey Brin, wanafunzi wa chuo kikuu cha Stanford huko Marekani, walieleza namna mtambo wao wa kutafutia unavyopanga kurasa. Waliona kwamba maandishi ya msomi hupata heshima wasomi wengine wakiyataja, basi wakakihesabu kila kiungo kuwa kama kutajwa. Lakini hawakuishia kwenye idadi. Ushuhuda wa ukurasa wenye heshima una uzito kuliko wa ukurasa usiojulikana. Tena shahidi hugawanya uzito wake: ukurasa unaoelekeza kwenye kurasa 5 unaupa kila mmoja sehemu kubwa kuliko ukurasa wa heshima ileile unaoelekeza kwenye kurasa 500. Leo Google inatazama mambo mengine mengi pia, lakini viungo bado vimo kati yake.

Tuanzie wapi?

*Andikeni kitu kinachostahili kuelekezwa.* Hakuna anayemwandikia barua mtu asiyemjua. Wekeni saa za ibada, wilaya na avenue mlipo, siku za kazi za dispensari, masharti ya kuandikisha watoto shuleni. Kila jambo liwe na ukurasa wake usiobadilishwa anwani kila mwaka. Msitegemee kundi la WhatsApp peke yake, kwa maana yanayosemwa ndani yake Google haiyaoni.

*Andikeni historia yenu.* Hapa Kisangani tuna hazina. Huko Yakusu, chini ya mto, Wabaptisti kutoka Uingereza walifungua misheni mwishoni mwa karne ya 19, na kuanzia 1920 daktari Clement Chesterman alipambana huko na ugonjwa wa malale. Chuo kikuu cha mji wetu kilianzishwa na Waprotestanti mwaka 1963, kikiitwa Université Libre du Congo. Mambo hayo makubwa yamekwisha kuandikwa na wengine. Lakini ni nani ameandika jinsi parokia yenu ilivyoanza Mangobo au Kabondo, na nani alijenga kuta za kwanza? Wazee wanaokumbuka bado wako, ila si kwa muda mrefu. Mwanafunzi au mwandishi wa habari akikuta ukurasa kama huo atautaja bila kuombwa, na kiungo cha namna hiyo ndicho bora kuliko vyote.

*Waombeni wanaowajua tayari.* Tengenezeni orodha: jumuiya yenu, ofisi ya Kanisa la Kristo katika Kongo katika jimbo, shule, hospitali, redio ya mji, kanisa rafiki la ng'ambo. Nani kati yao ana tovuti? Nani amewahi kuwataja bila kuweka kiungo? Mwandikieni kwa upole, mtu mmoja mmoja. Kwa mfano:

"Ndugu katika Bwana, tumesoma habari yenu mliyotaja dispensari yetu. Asanteni. Saa za kazi na mahali ilipo tumeziandika kwenye ukurasa huu. Mkiona zitawafaa wasomaji wenu, tunaomba jina la dispensari liunganishwe na ukurasa huo."

Barua fupi, yenye sababu, yenye faida kwa msomaji wao. Wasipojibu, kumbusheni mara moja, kisha waacheni kwa amani.

*Angalieni maneno yanayobeba kiungo.* "Gusa hapa" hayamwambii mtu lolote. "Saa za ibada, parokia ya Mangobo" yanamweleza msomaji anakokwenda, na Google nayo inaelewa. Lakini msiwalazimishe watu wote waandike maneno yaleyale. Mashahidi kumi wakisema neno kwa neno sawasawa, hakimu huanza kushuku.

*Tengenezeni njia zilizobomoka.* Tovuti ikibadilisha anwani, viungo vya zamani vinaishia penye utupu. Mwombeni fundi aelekeze anwani ya zamani kwenye mpya, ili barua mlizokwisha kupewa zisipotee.

Barua za kununua

Atakuja mtu kwenye simu kuwaambia: nipeni dola 50, nitawapa viungo 1,000 kwa wiki moja. Msikubali. Viungo hivyo hutoka kwenye tovuti zilizoundwa kwa biashara hiyo tu, ambazo hakuna mtu anayezisoma. Mwezi wa nne 2012 Google ilianza kutumia programu iliyoitwa Penguin, na tovuti nyingi zilizopanda kwa viungo vya kununua zikashushwa. Sheria zake bado zinakataza kununua viungo ili kupanda, na pia kubadilishana kupita kiasi: niwekee nikuwekee.

Kujaza maoni chini ya habari za wengine nako hakusaidii. Tangu 2005 wenye tovuti wana alama ya kuiambia Google: kiungo hiki si ushuhuda wangu. Tangazo lililolipiwa nalo si dhambi, likiwekewa alama kwamba limelipiwa.

Lakini hata kama Google isingekataza, sisi tungejiuliza: kanisa linanunuaje ushuhuda? Tunayemkataza muumini kughushi barua ya mchungaji hatuwezi kughushi barua za kanisa zima.

Saburi

Kazi hii haizai kwa wiki moja. Kuna chombo cha bure cha Google kiitwacho Search Console, kinachoonyesha nani anawaelekeza na watu walitafuta maneno gani kabla ya kufika kwenu. Kijana mmoja akifungue mara moja kwa mwezi na kutoa ripoti fupi kwa wazee wa kanisa. Viungo vitano kutoka kwa watu wanaowajua kweli ni mwanzo mzuri wa mwaka.

Na ninyi pia ni mashahidi. Tovuti yenu ielekeze kwenye parokia ndogo ya ng'ambo ya mto, kwenye shule isiyojulikana, kwenye kazi ya akina mama inayofanyika kimya. Baada ya ibada ya Jumapili hii, kaeni na vijana wenu kwa nusu saa, mwandike majina matano ya wanaowajua vizuri. Kisha andikeni barua ya kwanza.

Neema na amani ziwe nanyi.