Faili Likifutwa Kwenye Seva, Nani Atalirudisha?

Ukifuta faili kwenye kompyuta yako, huenda kwenye pipa la taka, na ukijuta unaweza kuliokota. Ukifuta faili lililo kwenye folda ya pamoja ya seva, kwa kawaida hakuna pipa. Linaondoka pale pale, na linaondoka kwa kila mtu. Tofauti hii huwaumiza watu kwa sababu kwenye kioo folda hizo mbili zinafanana kabisa.

Hapa Inver Grove Heights, mji wa kaunti ya Dakota ulio ukingoni mwa mto Mississippi, kusini kidogo tu ya Saint Paul, naifikiria sana hatari hii kila nikiona ofisi ndogo za watu wetu. Wapo Waafrika Mashariki wa Minnesota wanaoendesha kampuni za kuwahudumia wazee na wagonjwa majumbani, na kampuni ya namna hiyo huishi kwa mafaili: ratiba za zamu, kumbukumbu za dawa, saa za kazi zinazopelekwa kudai malipo. Kanuni za usalama za sheria ya Marekani ya HIPAA, iliyopitishwa 1996, zinamtaka anayetunza taarifa za wagonjwa kwa kompyuta awe na mpango wa kuweka nakala na mpango wa kuzirejesha. Kanuni hizo hazimwelezi afanye nini saa nane mchana, karani akiwa amefuta folda ya mwezi huu akidhani ni ya mwaka jana.

Wengi wakiulizwa wanajilinda vipi hutaja RAID, yaani diski mbili au zaidi zinazofanya kazi kwa pamoja ili moja ikifa nyingine ziendelee. Ni kinga nzuri dhidi ya kifo cha diski, lakini dhidi ya mkono wa mtu haisaidii chochote, maana amri ya kufuta hutekelezwa kwenye diski zote kwa mpigo. Wengine hutaja nakala inayopigwa kila usiku. Hiyo ni bora zaidi, ila kazi yote ya tangu asubuhi haimo ndani yake. Na kama programu ya kunakili imepangwa kuhakikisha upande wa pili unafanana na wa kwanza, usiku ukifika itakwenda kufuta na kule.

Pengo hilo ndilo linalozibwa na snapshoti. Snapshoti ni hali ya diski kama ilivyokuwa katika sekunde moja, ikawekwa isiguswe. Usidhani seva hukaa ikinakili kila kitu. Mfikirie mwenye duka asiyefuta mstari katika daftari lake: bei ikibadilika huandika mstari mpya mbele, na ukurasa wa kwanza humwonyesha mistari inayotumika leo. Akitaka kuikumbuka Jumatatu, anahitaji kuuhifadhi ukurasa wa kwanza wa Jumatatu tu. Mifumo ya mafaili kama ZFS, iliyotolewa na Sun Microsystems mwaka 2005, na Btrfs ya Linux hufanya kazi hivyo. Data mpya huandikwa sehemu nyingine ya diski, na ya zamani haiguswi maadamu ipo snapshoti inayoihitaji. Ndiyo maana snapshoti ya terabaiti kadhaa hupigwa kufumba na kufumbua, na mwanzoni haichukui nafasi karibu yoyote. Huanza kula nafasi kadiri mafaili yanavyobadilishwa na kufutwa. Mtu aliyefuta gigabaiti 200 akashangaa diski bado imejaa, ajue kwamba alivyovifuta bado vipo, na afurahi.

LVM, programu ya kugawa na kusimamia diski inayotumika kwenye seva nyingi za Linux, hufuata njia tofauti. Kipande cha diski kikitaka kuandikwa upya, kilichokuwamo hunakiliwa kwanza kwenye eneo lililotengwa, kisha kipya huandikwa pale pale kilipokuwa cha zamani. Kazi hiyo ya ziada huipunguzia seva kasi. Tena, kwa snapshoti za mtindo wa zamani, eneo lile likijaa snapshoti nzima hubatilika, na mwenye seva hubaki akiitegemea kinga isiyokuwapo.

LVM ya Linux iliandikwa na Heinz Mauelshagen mwaka 1998, na ikaja kulelewa na kampuni ya Sistina Software ya Minneapolis, iliyotokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota kuhusu mfumo wa mafaili uitwao GFS. Red Hat waliinunua Sistina Desemba 2003. Seva ya Linux inayotumia LVM Nairobi au Dar es Salaam inabeba kazi iliyokuzwa mji usiofika nusu saa kwa gari kutoka hapa, na ni vizuri vijana wetu wanaosoma kompyuta katika vyuo vya Minnesota wakalijua hilo.

Kazi hiyo ilionyesha thamani yake usiku wa tarehe 31 Januari 2017. Mhandisi wa GitLab, kampuni inayohifadhi programu za watu wengi duniani, alikuwa amechoka akipambana na hifadhidata mbili zilizokataa kwenda sambamba. Akatoa amri ya kufuta folda ya data kwenye seva ya akiba. Kumbe alikuwa amesimama kwenye seva kuu. Alipogundua na kuisimamisha amri ile, kati ya gigabaiti 300 zilikuwa zimebaki takriban 4.5.

Kilichofuata kinanisikitisha zaidi kuliko kosa lenyewe. GitLab walikuwa na njia kadhaa za kujilinda, lakini walipozikimbilia waliziona zikianguka moja baada ya nyingine. Nakala za hifadhidata zilikuwa zimeacha kupigwa kwa sababu programu ya kunakili haikulingana toleo na hifadhidata, na barua pepe za kuonya juu ya hitilafu hiyo zilikuwa zikikataliwa njiani. Snapshoti za diski za mtoa huduma hazikuwa zimewashwa kwa seva za hifadhidata. Iliyowaokoa ni snapshoti moja ya LVM, ambayo mhandisi mmoja aliipiga kwa mkono saa sita hivi kabla ya ajali, kwa ajili ya majaribio mengine kabisa. Walipoteza kazi ya saa hizo sita, ikiwemo miradi kama 5,000 na akaunti mpya kama 700. Kampuni hiyo ilieleza kila kitu hadharani, hata kurusha matangazo ya moja kwa moja ya urejeshaji, na kwa uungwana huo imewafundisha mafundi wengi.

Lakini snapshoti si nakala ya akiba, na anayekuuzia kama nakala ya akiba anakupotosha. Inaishi kwenye diski zile zile. Seva ikiibwa au ikiungua, huenda nayo. Tarehe 26 Septemba 2025 moto wa betri uliteketeza sehemu ya kituo cha data cha serikali ya Korea Kusini mjini Daejeon, na terabaiti zipatazo 858 za hifadhi ya mafaili ya watumishi wa umma zikapotea kwa sababu hazikuwa na nakala nje ya jengo lile.

Wahalifu nao wanaijua snapshoti. Wanaofunga data ili walipwe hutafuta kwanza nywila za msimamizi, kisha hufuta snapshoti ndipo wafunge mafaili. Sisi tumelionja shambulio la aina hiyo kwa jirani. Julai 2025 Jiji la Saint Paul lilivamiwa likalazimika kuzima mifumo yake, gavana Tim Walz akaita kikosi cha mtandao cha Walinzi wa Taifa, na wafanyakazi wapatao 3,500 wakapangiwa kufika wao wenyewe ukumbi wa Roy Wilkins kubadilisha nywila. Jiji lilikataa kulipa.

Kwa ofisi ya watu kumi au ishirini, ninashauri snapshoti ya kila saa inayotunzwa kwa siku mbili, ya kila siku inayotunzwa kwa mwezi, na ya kila mwezi kwa mwaka kama nafasi inaruhusu. Zijifute zenyewe muda ukifika, la sivyo diski itajaa na kazi itasimama. Juu ya hizo, weka nakala kamili nje ya jengo, chini ya nywila ambayo msimamizi wa kila siku hana. Akaunti ya karani isiwe na uwezo wa kufuta snapshoti hata moja. Watumiaji wa Windows wana kitu kinachofanana nayo tangu Windows Server 2003, matoleo ya awali ya faili kwa kubofya kulia, na mara nyingi hakuna aliyewahi kukiwasha.

Basi wiki hii mwite anayewatunzia seva, kanisani, kwenye kampuni au kwenye chama chenu. Unda faili la majaribio, subiri snapshoti ipite, lifute, kisha mwambie alirudishe ukiwa umekaa pembeni yake. Akishindwa, usiondoke mpaka mmekubaliana siku ya kurekebisha.