Rusizi: Namna ya kuikinga sakafu ya gereji dhidi ya mitambo mizito

Katika mji wa Kamembe, wilayani Rusizi, kazi ya gereji haikosi. Yapo magari yaliyoshuka kutoka Kigali kupitia msitu wa Nyungwe, malori yanayosubiri kuvuka mpaka kuelekea Bukavu, na mengine yanayopanda kutoka bonde la Bugarama. Yote hayo hufika kwa fundi yakiwa na matope, mafuta yanayovuja na magurudumu ya moto.

Ndiyo maana mwenye gereji anayepata uwezo huamua kuipaka sakafu yake ya zege rangi ngumu ya epoksi. Zege tupu lina vinyweleo vingi. Hunywa mafuta, hutoa vumbi na halifutiki vizuri. Sakafu iliyopakwa hufutwa kwa kitambaa, na mafuta yaliyomwagika hukusanywa kabla mvua haijayachukua. Jambo hilo ni la maana katika mji uliojengwa kwenye miteremko inayotazama Ziwa Kivu, ambako kinachomwagwa juu ya kilima huishia katika maji wanamovuliwa sambaza.

Hata hivyo, rangi hiyo ni utando mwembamba tu. Ikibanduka mahali pamoja, mafuta na maji hupenya chini yake, na uharibifu huenea. Swali ni hili: sakafu hiyo itabebaje jeki, kompresa, meza ya jiliwa na injini nzima bila kuharibika, na bila kuhatarisha maisha ya fundi?

Uzito hauumizi kama ncha inavyoumiza

Wengi hudhani kwamba kinachovunja sakafu ni uzito wa mtambo. Kwa kweli, kinachodhuru zaidi ni uzito huo kukusanyika mahali padogo.

Chukua mfano wa gari la kilo 1,500. Likisimama juu ya magurudumu yake, kila sentimita ya mraba ya sakafu chini ya tairi hubeba takriban kilo 2, kwa kuwa mgandamizo huo hukaribiana na ule wa upepo uliomo ndani ya tairi. Gari hilohilo likiwekwa juu ya stendi nne za chuma, kila stendi hubeba karibu kilo 375. Ikiwa stendi ina miguu minne, na kila mguu hugusa sakafu kwa sentimita 2 kwa 2 tu, basi kila sentimita ya mraba hubeba kilo zipatazo 23. Gari ni lilelile, lakini mgandamizo umezidi mara kumi.

Dawa yake ni kuutawanya mzigo. Chini ya kila stendi huwekwa kipande cha plaiwudi chenye unene wa milimita 18 hivi na upana wa sentimita 30 kila upande. Kipande hicho kiwe bapa, kikavu na kisicho na mafuta, na miguu yote ya stendi ikae ndani ya kingo zake. Matofali hayafai kamwe kutumiwa mahali pa stendi, kwa sababu hupasuka ghafla.

Jeki ya magurudumu ina tabia yake. Inapoinua gari, yenyewe husogea kidogo ili kufuata mwendo wa mkono wake. Magurudumu yake yakizama katika ubao laini au mpira, jeki hushindwa kusogea, na gari linaweza kuteleza. Kwa hiyo jeki huwekewa bamba gumu la chuma, refu kiasi cha kuiacha itembee bila kufika ukingoni. Jeki huinua tu. Kinacholishikilia gari wakati fundi yupo chini yake ni stendi.

Kuinua badala ya kuburuta

Adui wa pili ni kuburuta. Meza ya chuma inayovutwa hatua mbili tu huchora mistari ambayo haitafutika. Mchanga na kokoto zinazoingia na matairi hufanya kazi ya msasa kila kitu kinaposogezwa juu yake. Ufagio wa kila asubuhi huilinda sakafu kwa gharama ndogo kuliko dawa yoyote ya dukani.

Mitambo inayohamishwa mara kwa mara, kama vile winchi ya kuinulia injini, ifungwe magurudumu mapana ya plastiki ngumu badala ya madogo ya chuma. Chini ya kompresa na mashine ya kutoboa, pedi hupunguza mtikisiko. Lakini mpira mweusi unaokaa muda mrefu juu ya epoksi unaweza kuacha doa la manjano au la kahawia lisilotoka, kwa hiyo inafaa kutenganisha viwili hivyo kwa kipande cha plaiwudi.

Mahali ambapo usalama huja kabla ya sakafu

Kuna mitambo ambayo haipaswi kuwekewa kitu chochote laini chini yake. Mashine ya nguzo mbili ya kunyanyulia magari hufungwa kwa bolti moja kwa moja kwenye zege lililokomaa. Watengenezaji wengi hutaka zege lenye unene usiopungua sentimita 10, na maelekezo ya mashine husika ndiyo yanayofuatwa. Kuweka ubao au mpira chini ya nguzo hizo ili kuokoa rangi ni kuhatarisha uhai wa mtu.

Kwa wakazi wa Rusizi jambo hili lina uzito wa pekee. Wilaya imo katika Bonde la Ufa, na tetemeko la Februari 3, 2008 liliua watu na kubomoa majengo pande zote mbili za mpaka. Kompresa ndefu, rafu za vipuri na mashine ya kutoboa zilizosimama bila kufungwa zinaweza kuanguka ardhi ikitikisika. Zifungwe sakafuni au ukutani, hata kama kufanya hivyo kunamaanisha kutoboa rangi. Tundu la bolti huzibwa kwa epoksi kuizunguka, na maji hayatapata njia.

Moto na kemikali

Epoksi hulainika inapopata joto kali. Gari lililotoka kushuka milima ya Nyungwe huwa na matairi ya moto, na tairi la moto likitulia juu ya rangi linaweza kuishika na kuibandua litakapoondoka. Ni vyema gari lipoe nje kwanza. Anayechomelea vyuma atandike bati chini, kwani cheche huacha vidonda vidogo vyeusi.

Mafuta ya breki hulainisha rangi nyingi, hivyo yafutwe mara moja. Asidi ya betri hupoozwa kwa soda ya kupikia kabla ya kuoshwa kwa maji mengi, na anayefanya kazi hiyo avae glavu na miwani. Mafuta ya injini hunyonywa kwa vumbi la mbao, ambalo hukusanywa katika chombo na kamwe halifagiliwi mtaroni.

Chanzo kiko chini ya rangi

Mara nyingi mtambo hulaumiwa kwa kosa lililotendeka kabla haujaingia. Rusizi hupata mvua nyingi, na unyevunyevu wa udongo hupanda kupitia zege na kuisukuma rangi kutoka chini hadi itoe malengelenge. Kabla ya kupaka, fundi anaweza kubandika kipande cha plastiki cha sentimita 45 kwa 45 juu ya zege, kingo zote zikiwa zimezibwa kwa utepe, na kukiacha usiku mzima, kwa saa 16 au zaidi. Akikuta matone chini yake au zege limekuwa jeusi, wakati wa kupaka bado.

Zege jipya kwa kawaida huachwa siku 28. Baada ya kupaka, rangi nyingi za epoksi huweza kukanyagwa kwa miguu baada ya siku moja, lakini magari husubiri siku tatu au zaidi, na ugumu kamili huja baada ya wiki moja hivi, kutegemea maelekezo yaliyoandikwa kwenye kopo. Kila siku ambayo gereji imefungwa ni siku isiyo na mapato, na hapo ndipo haraka huingia. Lakini mwenye gereji anayerudisha jeki kabla ya wakati atalazimika kuifunga tena, kuikwangua sakafu yote na kununua rangi kwa mara ya pili.